Vyuma vya kujivutia mlangoni: pima mlango kabla hujauliza bei

Vyuma vya kufanyia mazoezi mlangoni, vile vya kuning'inia na kujivuta juu, vimejaa madukani siku hizi, na kila muuzaji anakisifia cha kwake kwa kilo. Hiki kinabeba mia, kile mia na hamsini, kile pale juu mia mbili. Mimi ni seremala, fremu na milango ndiyo riziki yangu, karakana iko Ngamiani hapa Tanga, na naomba unisikilize kwa hili moja kabla hujatoa hela: kilo zilizoandikwa kwenye boksi ni kilo za chuma. Mlango wako hakuna aliyeuandikia kilo. Katika vyuma vyote nilivyoletewa karakanani baada ya kumwangusha mtu, sijaona hata kimoja kilichokatika. Vilikuwa vizima. Kilichoshindwa ni mahali vilipofungwa.

Nyumbani kwangu Makorora nimejaribu aina tatu, na kwa wateja nimezifunga kuanzia Chumbageni mpaka Sahare. Zote tatu zina mahali pake. Ila aina moja ndiyo imebaki mlangoni kwangu, na hiyo nitaieleza kwa urefu.

Kuna watakaouliza seremala ana haja gani na mazoezi wakati randa inamtoa jasho kutwa nzima. Anayo haja kubwa. Kazi yetu yote ni ya kusukuma mbele na kubonyea chini: randa, msumeno, nyundo, patasi. Hakuna hata kazi moja inayokuvuta kutoka juu. Matokeo yake mabega yanakunjika mbele na mgongo unajipinda kabla ya uzee. Kuning'inia na kujivuta kunaamsha misuli mipana ya mgongo inayoanzia chini ya kwapa, na mikono, na vidole, na tumbo pia kwa sababu ndilo linalokuzuia usipepee. Jimu zipo mjini, sikatai. Lakini mie nikitoka karakanani jua limezama, nataka kuoga, kuswali na kula. Chuma kikiwa mlangoni napita chini yake kila ninapokwenda chumbani, basi najivuta kidogo na kuendelea na mambo yangu.

Cha kwanza ni kile cha kukaza. Mabomba mawili, moja linaingia ndani ya jingine kwa nyuzi kama za nati, miisho ina vikombe vya mpira, katikati wamevalisha sponji. Unakiweka kati ya mwimo na mwimo, yaani zile nguzo mbili za fremu, unakizungusha, kinarefuka mpaka kinakaba. Hakuna skrubu, hakuna tundu. Nilikinunua mjini kwa Sh 35,000, na ndicho rahisi kupatikana Tanga kuliko vingine vyote.

Kinachokishikilia ni msuguano tu. Mpira unabana mbao, na kadiri unavyobana ndivyo unavyogoma kuteleza. Kwa hiyo lazima uulize mbao yako inatoa msuguano gani. Fremu nyingi za hapa Tanga zimepigwa vanishi ya kung'aa au rangi ya mafuta, na uso ule ni mlaini mno, mpira ukipata na vumbi kidogo unashuka. Kijana mmoja wa jirani alikifunga kwenye fremu ya mvule iliyong'arishwa vizuri, amekaza kwa nguvu zake zote, na siku ya kwanza kilimbeba. Siku ya pili kikashuka naye, akatua kwa mgongo sakafuni. Muuzaji alikuwa amemwambia kinabeba kilo 200, na huenda ni kweli, kwa sababu chuma nilikikagua mwenyewe na hakikuwa na hata mkunjo. Vanishi ndiyo iliyokuwa na michirizi miwili mirefu kila upande, kuonyesha mpira ulipoanzia na ulipoishia.

Dawa yake ninayowafanyia wateja ni hii. Pale mpira utakapokaa napiga msasa namba 120, kiasi cha kuondoa ule mng'ao, kisha nafuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti na kuacha pakauke. Mpira wenyewe naufuta pia. Kinakazwa kikiwa kimelala sawa, napima kwa pimamaji, maana kikiinama upande mmoja mzigo unakwenda huko. Halafu nachukua penseli na kuchora mstari mwembamba kwenye mbao, hapo hapo chini ya ukingo wa mpira, pande zote mbili. Mstari ule ndio mlinzi wako. Kila unapotaka kujivuta, tupa jicho. Mpira ukiwa umekaa juu ya mstari, sawa. Ukiwa umeumeza mstari, hata kwa unene wa ukucha, chuma kimeanza safari ya kushuka na hupaswi kukipanda mpaka ukifungue na kukikaza upya.

Tena usidhani ukishakikaza umemaliza. Mbao ni kitu hai kwa namna yake, hasa huku pwani. Masika inakunywa unyevu na kuvimba. Kaskazi ikipiga na jua la Januari na Februari, inakauka na kusinyaa. Fremu za paina ambazo hazikukaushwa sawasawa ndizo mbaya zaidi. Chuma ulichokikaza Aprili kikalia kwa kubana, Januari unaweza kukikuta kimelegea bila mtu kukigusa. Paina ina udhaifu mwingine: ni laini, kikombe cha mpira kinaibonyeza na kuacha shimo la duara. Fremu ya mbao ngumu kama mninga, mkongo au tiki ya shamba la miti la Longuza haina shida hiyo.

Kuna na wanaokaza kupita kiasi wakiogopa kuanguka. Hao wananiletea kazi ya aina nyingine: mwimo umesukumwa nje, plasta imepasuka pembeni ya fremu, na mlango haufungi tena vizuri kwa sababu komeo halioani na tundu lake. Gonga mwimo kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kupanda juu. Mlio mzito maana yake nyuma kumejazwa zege au mota na fremu imeegemea ukuta. Mlio wa debe tupu maana yake mafundi waliacha uwazi nyuma ya mbao wakaufunika kwa plasta, na hapo chuma cha kukaza hakifai kabisa, kwa sababu unachokisukuma ni ubao ulioachwa hewani.

Upana nao unaangaliwa. Mlango wa futi 3, ukipima ndani kwa ndani kati ya miimo, unapata pungufu kidogo ya sentimita 90. Vyuma vingi vya dukani vinaandikwa vinarefuka mpaka sentimita 100. Hapo wengi wanafurahi kwamba kinatosha. Lakini kila unavyokirefusha, nyuzi zinazobaki zimeshikana ndani zinapungua, na pale katikati mabomba yanapokutana panakuwa panacheza. Chuma cha aina hii kikae katikati ya vipimo vyake, kisifikishwe ukomo. Ndiyo maana mlango mwembamba wa futi 2 na nusu unakipendeza zaidi. Bahati mbaya milango myembamba majumbani kwetu ndiyo ya vyooni, na humo maji na mvuke vinaharibu kila kitu.

Cha pili ni kile cha kupachika, ambacho mwenyewe nilikiagiza Kariakoo kikaja na basi mpaka stendi ya Kange. Bei ilikuwa Sh 60,000 bila nauli ya mzigo. Ukikiona kwenye picha unakipenda mara moja. Kina mikono inayopita juu ya mlango na kushika ukutani upande wa pili, na upande wako bomba linaegemea miimo. Ukining'inia, uzito wako ndio unaokibana: huku kinasukuma fremu, kule kinavuta. Hakikazwi, hakitobolewi. Unakipachika, unafanya zoezi, unakitoa na kukisukuma chini ya kitanda. Na bomba lake linatokeza mbele ya mlango, kwa hiyo kichwa kinapanda juu bila kugonga kitu. Kwa ufundi wa kukibuni, nawavulia kofia.

Tatizo ni kwamba kimebuniwa kwa nyumba za Marekani. Kule ukuta wa ndani ni mbao na jasi, unene wake kama inchi 4 na nusu, na kila mlango umezungushiwa ubao wa urembo uliotokeza nje ya ukuta. Ndoano za kile chuma zinakalia juu ya ubao ule. Sasa njoo Makorora. Ukuta ni tofali la inchi 5 au 6, ongeza plasta pande mbili, unafika inchi 6 na nusu, 7, wakati mwingine zaidi. Mikono ya chuma haifiki. Na fremu zetu nyingi zimelala sawa na plasta, hakuna ubao wa urembo, hakuna pa kukalia ndoano. Nyumba nyingine, hasa zilizojengwa kwa kufikiria joto letu, zina uwazi wenye wavu juu ya mlango ili hewa ipite. Pale ndoano itakalia kipande chembamba cha mbao kinachotenganisha mlango na wavu, na wavu wenyewe utachanika wiki hiyo hiyo. Zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe usizitaje, kuta zake ni nene mara kadhaa ya hizi. Na kama una mlango wa zamani wa kuchonga wenye mfaa, ule mhimili wa kuchonga wa katikati, tafadhali sana, usiufunge chuma cha aina yoyote. Milango ile ikishaharibika hatuna wa kuturudishia.

Kwangu hakikukaa. Kimekaa kwa mteja mmoja Raskazone ambaye nyumba yake ina ubao wa urembo kila mlango. Hata kule sikukubali kukiacha hivi hivi. Niliubandua ubao wa juu nikakuta umeshikwa na gundi na misumari midogo isiyo na vichwa, iliyoingia kwenye plasta tu. Huo ni urembo, haujawekwa kubeba mtu. Nikachana kipande cha mkongo chenye upana ule ule, nikatoboa lenta, lile boriti la zege juu ya mlango, kwa drili ya kugonga, nikatia plagi, nikakifunga kwa skrubu za inchi 3. Sasa ndoano zinakalia kitu chenye mzizi kwenye zege, na yule bwana anajivuta bila wasiwasi. Chuma chenyewe nilimwachia kwa bei niliyokinunulia. Kwa hiyo sisemi ni kibaya. Kama nyumba yako ina urembo wa mlango, ukuta si mnene kupita kipimo kilichoandikwa kwenye boksi, na una fundi wa kukagua ubao wa juu umeshikwa na nini, kinunue kwa moyo mweupe. Ukikosa kimojawapo, achana nacho.

Cha tatu ndicho kilicho kwangu, na hakikutoka dukani. Ni bomba la maji la chuma lililopakwa zinki, na vikombe viwili vya chuma vilivyochomelewa kwenye vibati na fundi jirani na karakana yangu, vikafungwa kwa skrubu kwenye miimo. Vya kiwandani vya mtindo huu vipo, lakini vile vilivyonipitia mkononi vilikuja na skrubu fupi za inchi moja na vibati vyembamba, na sioni sababu ya kulipia bati wakati chuma kizuri kimejaa mitaani kwetu. Bomba, vibati, kuchomelea na skrubu, vyote kwa pamoja vilitoka chini ya bei ya kile cha Kariakoo.

Nianze na bomba. Mkono wa mtu unapenda kushika kitu cha unene wa milimita 28 hivi. Chuma cha wanamichezo wa sarakasi za Olimpiki ndicho unene wake huo. Bomba tunaloliita la robo tatu, yaani robo tatu ya inchi, kwa nje lina kama milimita 27, na bomba la inchi 1 kwa nje lina kama 33 na kitu. Robo tatu linashikika vizuri sana, ila kwa mlango wa futi 3 nimeliona likicheza katikati anapolipanda mpwa wangu ambaye ni mzito wa kilo 80 na ushei. La inchi 1 limetulia. Linajaza kiganja kidogo zaidi, na mwanzoni vidole vinalalamika, lakini vinazoea na vinapata nguvu. Mwenye viganja vidogo na mwili mwepesi, kama mke wangu, robo tatu linamfaa na halitamwangusha.

Vibati nilitaka vya milimita 4, kila kimoja na matundu manne. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo fundi wa kuchomelea na fundi wa mbao wanapopishana. Fundi wa kuchomelea anapenda kutoboa matundu yote manne kwenye mstari mmoja wima, kibati kikawa chembamba na kizuri kwa macho. Usikubali. Nyuzi za mbao ya mwimo zinakwenda juu na chini. Skrubu nne zikiingia kwenye mstari mmoja wa nyuzi zinafanya kazi ya kabari, na mbao inapasuka kutoka tundu moja hadi jingine, leo au baada ya miezi. Matundu yapishane, mawili kushoto na mawili kulia, na yakae mbali na ukingo wa mbao.

Skrubu ziwe za inchi 3, nene. Mbao ya fremu ina inchi 2, kwa hiyo skrubu inavuka mbao yote na kuingia kwenye ukuta uliotiwa plagi. Mimi hesabu yangu naiweka kwenye mbao, ukuta ni nyongeza, maana tofali zetu nyingine mchanga umezidi saruji. Toboa kwanza kwa drili, tundu jembamba kuliko skrubu, hasa kwenye mninga na mkongo, la sivyo utakata kichwa cha skrubu au utapasua mbao. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba uzito wako unazivuta skrubu kwenda chini, hauzing'oi kuja nje. Skrubu nene ikivutwa chini ina uwezo mkubwa sana, na hapo ziko nane zikigawana mtu mmoja. Mtu wa kilo 76 aliyetulia anaweka kilo 38 kila upande. Anapoanza kujivuta kwa kishindo inazidi hapo, lakini bado haifiki pa kutisha.

Kimoja cha vikombe viwili kiwe duara kamili na kingine kiwe wazi juu, mfano wa herufi U, ili bomba uingize upande mmoja kisha ulaze upande wa pili. Linatoka na kurudi kwa sekunde chache. Hili ni la lazima, kwa sababu ya urefu. Ukilifunga bomba juu kabisa karibu na kizingiti cha juu, ukijivuta kichwa kitagonga kabla kidevu hakijafika. Kutoka kidevu hadi utosi mtu mzima ana zaidi ya sentimita 20, kwa hiyo bomba likae sentimita 30 chini ya kizingiti hicho. Mlango wa futi 7 unakuacha na bomba kwenye kama sentimita 180 kutoka sakafuni, yaani usawa wa paji la uso la mtu mrefu. Mke wangu aliliona hilo kabla ya wote. "Baba Salma, hicho kikibaki hapo usiku, umeme ukikatika kitamliza mtu." Basi sheria ya nyumba ni kwamba anayemaliza analitoa na kulisimamisha nyuma ya mlango. Na watoto wadogo hawawezi kuliangusha likiwa nyuma ya mlango limefungwa kamba, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mazoezi yenyewe.

Kabla hujachagua mwimo wa kufungia, angalia ule mkato wa ngazi ambao mlango unapumzikia. Milango ya nje mingi imekatwa pande mbili, huku mlango wa mbao, kule geti au mlango wa wavu. Katikati panabaki kipande kilichoinuka cha inchi 2 tu, na kibati au kikombe cha mpira hakikai chote, kinaning'inia nusu hewani. Milango ya vyumba ina mkato mmoja na inakuachia uso mpana ulio sawa. Ndiyo maana nawaambia watu wote: mlango wa chumba, au wa korido kwenda jikoni, kamwe si mlango wa mbele.

Kuhusu kutu, hii ni Tanga na chumvi ya bahari haiulizi. Vile vyuma vya dukani vinavyong'aa, mng'ao wake umeanza kuvimba na kuchubuka, na kutu inaanzia chini ya sponji ambako jasho linajikusanya na huoni. Sponji yenyewe inanyonya jasho, inanuka, inachanika. Niliivua. Bomba lenye zinki linavumilia zaidi, ila pale lilipochomelewa zinki imeungua, na pasipopakwa rangi ya kuzuia kutu panageuka wekundu kabla ya pengine pote. Mwambie fundi apake. Mkono ukiteleza kwa jasho, utepe wa kitambaa wa kuzungushia usukani wa baiskeli unatosha kabisa, ukichafuka unaubadilisha. Wapo wanaozungusha kamba ya katani kwa kuwa ipo tele na ni rahisi. Mimi siipendi, nyuzi zake zinakwaruza kiganja na unyevu unakaa humo.

Sasa matumizi. Wengi wanarukia kujivuta siku ya kwanza, wanarusha miguu, wanajipinda, bega linalia, na chuma kinauzwa. Anza kwa kuning'inia tu. Shika kwa upana wa mabega, kunja magoti kwa kuwa miguu itagusa sakafu, tulia ukihesabu taratibu. Ukizoea, bado mikono ikiwa imenyooka, yashushe mabega mbali na masikio, mwili unapanda kidogo sana, kisha achia. Hiyo pekee ilinifungua mgongo kuliko chochote. Hatua inayofuata ni kushuka: panda kigoda, kidevu kikiwa tayari juu ya bomba, ondoa miguu na ujishushe polepole kadiri unavyoweza. Nguvu ya kupanda inajengwa wakati wa kushuka. Viganja vikikutazama ni rahisi zaidi kwa sababu misuli ya mbele ya mkono wa juu inasaidia. Viganja vikitazama mbele mgongo ndio unaofanya kazi kubwa. Changanya.

Msaada bora nilioupata ni tyubu ya baiskeli ya inchi 28, na katika mji wa baiskeli kama huu hakuna atakayeikosa. Nunua mpya, kata kile kipande chenye mdomo wa kujazia upepo, funga ncha kwa fundo, ipitishe kwenye bomba iwe kitanzi, kisha ingiza goti. Inakuinua pale chini ambapo ni pagumu zaidi. Ingiza goti, usiingize kidole cha mguu, maana ikichomoka inarudi juu kwa kasi usoni. Na uikague kila mara: ikianza kuonyesha mipasuko midogo ya kijivu, tupa.

Kurusha miguu ili upande kwa msukumo, kama wale wa kwenye video, mlangoni hapana. Chuma cha kukaza hakijatengenezwa kwa mtu anayepepea mbele na nyuma, na hata skrubu zangu sizitaki zifanyiwe hivyo. Mpwa wangu anaijua sheria hiyo. Akitaka kurusha miguu anakwenda kwenye mtambaa wa panya wa goli la uwanja wa shule. Chini ya mlango weka godoro jembamba. Usiweke meza, wala ndoo, wala kigoda ulichopandia. Kisukume pembeni kwanza.

Mwenye nyumba yake na fremu ya mbao ngumu, ushauri wangu ni bomba na skrubu, wala usizunguke. Mpangaji hali yake nyingine, na wengi wanaoniuliza ni wapangaji. Fremu ikiwa imara nyuma yake, nunua cha kukaza, piga msasa, chora mstari wa penseli, na kikague kila unapokipanda. Ukitaka cha skrubu, zungumza na mwenye nyumba kabla, maana matundu manane kwenye fremu ya mtu ni maneno. Mwambie siku ya kuhama utayaziba, na ufanye hivyo kweli: vijiti vya mbao ya aina ile ile, gundi, vigongwe mpaka ndani, vikatwe sawa na uso wa mbao, msasa, kisha vanishi ya rangi inayoendana. Ni kazi ya saa moja kwa seremala yeyote.